Gango la chuma lililoipasua Parthenon

Fundi wa mawe anayefungua ukuta wa Parthenon, hekalu la kale juu ya kilima cha Acropolis mjini Athens, huweza kukuta magango ya aina mbili. La kwanza ni la karne ya 5 kabla ya Kristo: kipande cha chuma kilicholala ndani ya kitanda cha madini ya risasi, na ukiikwangua ile risasi unakikuta chuma kingali kizima. La pili ni la mwanzoni mwa karne ya 20. Hilo ni changa kuliko mwenzake kwa zaidi ya miaka 2,300, lakini limeoza. Limevimba kwa kutu, na marumaru iliyolizunguka imepasuka kama gogo lililopigwa kabari.

Neno gango nimelichagua kwa makusudi. Gango ni kile kinachoshika vitu viwili visiachane, liwe la seremala anayeunga mbao au la mtu aliyevunjika mfupa, na ni ndugu wa kitenzi kuganga. Mhandisi aliyeweka yale magango ya karne ya 20 alikuwa anaganga kweli. Alikuta sehemu ya hekalu imelala chini vipandevipande, akaisimamisha, na dunia ikampongeza. Miongo michache baadaye ikaonekana kwamba dawa yake ndiyo iliyokuwa ikimla mgonjwa. Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu hakina mtu mbaya ndani yake, na ushahidi wote wa kosa umo ndani ya mawe yenyewe, unasomeka.

Jengo lisilo na chokaa

Parthenon ilianza kujengwa mwaka 447 KK, Pericles akiwa ndiye kiongozi mwenye sauti kubwa Athens. Kufikia 438 KK hekalu lilikuwa limesimama, na sanamu za juu zilikamilika 432 KK. Wasanifu walikuwa Iktinos na Kallikrates, na Pheidias alisimamia uchongaji. Nje lilizungukwa na nguzo 46: ukihesabu upande mfupi unapata 8, upande mrefu 17, na zile za pembeni zinahesabiwa pande zote mbili. Kila nguzo ina urefu wa zaidi ya mita 10. Si jiwe moja. Imepangwa kwa pingili 10 hadi 12 zilizokaa juu ya nyingine kama pingili za muwa.

Ukiacha msingi, karibu mawe yote ni marumaru ya mlima Pentelikon, kiasi cha kilomita 16 kaskazini-mashariki ya mji. Kati ya jiwe na jiwe hakuna chokaa wala udongo. Waashi walichonga nyuso za mawe, wakazisugua, mpaka kingo zikakutana zenyewe. Katikati ya kila pingili walichimba shimo la mraba, wakatia kibao cha mti wa saipresi chenye kijiti katikati, ili pingili ya juu ipate mhimili wa kukalia. Baadhi ya mbao hizo zilikutwa zingali ndani karne 24 baadaye. Mti hauishi muda huo mahali penye maji na hewa. Ukitaka kujua kiungo cha wale mafundi kilibana kiasi gani, ule mti ndio shahidi.

Kwenye kuta na kwenye boriti za marumaru zinazolala juu ya nguzo, mti haukutosha, wakatumia chuma. Walichonga kwa tindo shimo linalovuka mpaka wa mawe mawili, lenye umbo la herufi T mbili zilizogusana miguu. Wakafua gango la chuma la umbo hilohilo, dogo kidogo kuliko shimo, wakalilaza ndani. Kisha wakayeyusha risasi na kuimimina mpaka ikajaza kila pengo lililobaki pembeni ya chuma. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za sentigredi, moto ambao jiko la mhunzi linaufikia bila shida.

Risasi hiyo ilifanya kazi mbili kwa pamoja. Ilikifunika chuma, maji yasikifikie. Tena ni madini laini, kwa hiyo ardhi ilipotikisika gango lilipata nafasi ya kucheza kidogo bila kuligonga jiwe moja kwa moja. Attica, eneo linaloizunguka Athens, ni nchi ya matetemeko, na jengo hilo lilisimama humo karne baada ya karne. Kilichokuja kuliangusha ni vita.

Kuna jambo jingine la ujenzi huu ambalo lazima nilitaje, maana bila hilo nusu ya pili ya kisa haieleweki. Parthenon karibu haina mstari ulionyooka. Sakafu inayobeba nguzo imeinuka katikati: kiasi cha sentimita 6 kwenye pande fupi na 11 kwenye pande ndefu. Nguzo zimelala ndani kidogo, kiasi cha sentimita 7. Za pembeni ni nene kuliko wenzao. Kila nguzo ina mifereji 20 inayopungua upana kadiri unavyopanda. Mwashi akiweka timazi na pimamaji pale anaweza kudhani wenzake wa kale walikosea, kumbe kila upotofu ulipimwa. Matokeo yake ni kwamba kila jiwe lilichongwa kwa ajili ya mahali pamoja tu. Ukiitoa pingili ya nguzo ya tatu ukaipachika kwenye ya nne, itakaa, lakini haitakuwa kwao.

Baruti

Historia ya katikati naipita haraka. Hekalu liliungua wakati wa Warumi, likageuzwa kanisa la Bikira Maria, na baada ya Waturuki kuuchukua mji mwaka 1458 likawa msikiti. Katika mabadiliko yote hayo kuta zake zilibaki zimesimama. Mwaka 1687 jeshi la Venice chini ya Francesco Morosini liliizingira Acropolis, na Waturuki waliokuwa juu wakaiweka baruti yao ndani ya Parthenon. Tarehe 26 Septemba kombora likapenya paa. Watu wapatao 300 walikufa. Kuta za ndani zilirushwa nje, na nguzo 8 za upande wa kaskazini na 6 za kusini zikaanguka pamoja na boriti zilizokuwa juu yake.

Wagiriki wanasimulia hadithi ya wakati wa vita vyao vya uhuru. Inasema kwamba Waturuki waliozingirwa juu ya kilima, miaka ya 1821 na 1822, walianza kuvunja marumaru ili wapate risasi iliyomo ndani, waifue iwe risasi za bunduki. Na kwamba Wagiriki waliokuwa chini walikubali kuwapelekea risasi zao wenyewe, ili mradi mawe yaachwe. Ni simulizi, na mimi naichukua kama simulizi. Lakini msikilizaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa lugha yetu inayaita madini na kile kinachotoka kwenye mtutu kwa jina moja. Na jambo moja katika simulizi hiyo lina maana kubwa kwa kisa chetu: kila mtu Athens aliyewahi kuvunja jiwe la Acropolis alijua kwamba ndani yake mna risasi.

Habari za Lord Elgin, balozi wa Uingereza kwa Waturuki, zinajulikana zaidi. Watu wake walianza kuzitoa sanamu mwaka 1801, na mwaka 1816 akaiuzia serikali ya Uingereza kwa pauni 35,000. Hadi leo ziko British Museum, na Ugiriki inazidai. Ni madai ninayoyaunga mkono. Lakini mjadala huo umekuwa mkubwa kiasi kwamba wengi wanadhani dhara la Parthenon katika nyakati za karibuni ni wizi tu. Dhara lililofanywa na mikono iliyoipenda halizungumzwi sana.

Balanos anapanda kilimani

Mwezi Aprili 1894 tetemeko liliitikisa Ugiriki ya kati, na vipande vya marumaru vikadondoka kutoka upande wa magharibi wa hekalu. Serikali ikaunda kamati, na kazi ikakabidhiwa Nikolaos Balanos, mhandisi wa ujenzi aliyesomea Ufaransa. Hakuwa mtaalamu wa mambo ya kale. Alianza Parthenon mwaka 1898, akahamia majengo mengine ya kilimani, Erechtheion na Propylaia, kisha akarudi Parthenon mwaka 1922 kwa kazi iliyompa jina: kuzisimamisha upya nguzo za kaskazini zilizoangushwa na baruti ya 1687. Kufikia 1930 zilikuwa zimesimama.

Mtu yeyote aliyeona picha za zamani, zenye pengo lile la katikati, anaelewa furaha iliyowapata watu. Kwa zaidi ya miaka 240 hekalu lilikuwa limekatika sehemu mbili. Mgeni akitazama kutoka kaskazini aliona mbele kipande na nyuma kipande. Balanos aliliunga likawa jengo moja tena. Picha ya Parthenon ambayo mimi na wewe tumeizoea, ile ya kadi za posta na vitabu vya shule, kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono yake.

Alifanyaje? Alitumia chuma na saruji. Alipachika magango ya chuma kati ya mawe, na pale ambapo boriti ya marumaru ilikuwa imevunjika aliichimba kwa ndani na kuingiza mihimili ya chuma ya kuibeba. Mara nyingine alilikata jiwe la kale ili chuma kikae vizuri. Palipokosekana kipande alijaza kwa saruji. Na vyuma vyake hakuvifunika kwa risasi.

Tukimhukumu lazima tukumbuke zama zake. Mhandisi wa kizazi chake alikuwa ameona Ulaya ikijengwa upya kwa chuma: madaraja, vituo vya reli, mnara wa Eiffel wa mwaka 1889. Saruji yenye nondo ilikuwa kifaa kipya cha kuaminiwa. Mwezi Oktoba 1931 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Athens kujadili uhifadhi wa majengo ya kale, wakapanda Acropolis, Balanos akawatembeza. Azimio lao, linalojulikana kama Mkataba wa Athens, liliidhinisha matumizi ya mbinu za kisasa, hasa saruji yenye nondo, zikitumika kwa busara. Likaongeza kwamba viimarisho hivyo vifichwe kila inapowezekana, ili sura ya jengo isiharibike.

Hapo kwenye kufichwa ndipo ninaposimama kila mara. Kwa macho ni uamuzi mzuri, nani anataka kuona nondo zimechomoza kwenye hekalu? Lakini chuma kilichofichwa ndani ya jiwe hakikaguliwi. Hakuna anayekipaka rangi kila baada ya miaka mitano kama daraja. Kikianza kuugua, utajua siku jiwe litakapotoa sauti.

Na hata tukizitaja zama zake zote, linabaki jambo moja ambalo siwezi kulipitia juu kwa juu. Balanos alikuwa anafungua mawe ya kale. Aliyaona magango ya Iktinos na Kallikrates, aliiona risasi iliyoyazunguka, na aliona kwamba chuma kile kilikuwa na umri wa miaka 2,300 na bado kilikuwa chuma. Hakuhitaji maabara wala kitabu, maana mafundi wenzake walikuwa wamemwachia jibu mkononi. Wengine hulichukulia kosa lake kama upungufu wa sayansi ya wakati ule. Kwangu ni kosa la kutolisikiliza jengo lenyewe, na ndiyo sababu nalihesabu kuwa kubwa zaidi.

Kosa la pili halikusikika sana, ila kwa waliokuja kulisahihisha lilikuwa la kuchosha kuliko la kwanza. Balanos alipanga mawe kwa jinsi yalivyokaa vizuri machoni, bila kulitafutia kila jiwe kiti chake cha asili. Pingili na matofali ya ukuta yaliyolingana kwa kukaribiana yalibadilishana nafasi. Kwenye jengo la kawaida hilo lingepita. Kwenye jengo ambalo kila mstari umepinda kwa kipimo, jiwe moja likikaa pasipo pake linausukuma mstari mzima. Kumbukumbu alizoacha kuhusu lipi alilitoa wapi hazikutosha kumwongoza aliyefuata.

Kutu inavyofanya kazi

Aliyekaa Mombasa, Tanga au Unguja karibu na bahari hahitaji kuelezwa sana. Ameshaiona dari ya zege au nguzo ya baraza ikianza kwa ufa mwembamba, kisha mstari wa rangi ya kahawia ukashuka ukutani kama chozi, kisha siku moja kipande cha zege kikabanduka na nondo ikabaki uchi, imevimba na kumenyeka maganda. Watu husema saruji ilikuwa mbovu. Mara nyingi kilichoisukuma saruji nje ni nondo.

Chuma kikila oksijeni na maji hugeuka kutu, na kutu hutaka nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma iliyotoka. Ikiwa chuma kiko hewani, kutu hudondoka tu chini. Ikiwa kimefungiwa ndani ya jiwe, hakina pa kwenda, kinasukuma. Marumaru ni hodari kubeba mzigo unaoikandamiza kutoka juu. Nguzo za Parthenon zimeubeba bila kulalamika. Lakini ukiivuta au ukiipanua kwa ndani hupasuka upesi. Gango lenye kutu hufanya hasa kile isichokiweza. Na ufa ukishafunguka maji huingia kwa wingi zaidi, chuma hula zaidi, kabari inakua.

Dalili hazikuchelewa kuonekana. Nyufa na vipande vinavyobanduka vilijitokeza kwenye sehemu ambazo Balanos alikuwa ameshazikarabati. Wakati huohuo Athens ilikuwa inakua kuwa jiji la magari na viwanda, na moshi wake ulikuwa na gesi ya salfa. Gesi hiyo ikichanganyika na unyevu huigeuza ngozi ya marumaru kuwa jasi, na jasi huoshwa na mvua. Nyuso za sanamu zikaanza kupoteza pua na midomo.

Mchambuzi makini lazima aulize hapa: tunajuaje kwamba chuma ndicho mkosaji, wala si moshi au matetemeko? Ni swali la haki, na jengo lenyewe linalijibu vizuri kuliko kawaida ya majengo. Moshi hula kutoka nje, na hula kila kinachoguswa na hewa. Nyufa hizi zilianzia ndani, kwenye mashimo ya magango. Tena jiwe ni lile la Pentelikon, mvua ni ileile, moshi ni uleule, tetemeko ni lilelile. Kilichotofautiana ni gango. Gango la kale ambalo risasi yake ilikuwa nzima halikuwa limepasua kitu. Gango la kale ambalo risasi yake iliharibika, nalo lilipata kutu kama la Balanos. Ni nadra mtafiti kupata jaribio lililopangika namna hiyo, na hili lilijipanga lenyewe kwa kosa.

Kuganga upya

Mwaka 1975 serikali ya Ugiriki iliunda kamati ya uhifadhi wa majengo ya Acropolis, yenye wasanifu, wanaakiolojia, wahandisi na wanakemia kwa pamoja. Muundo huo peke yake ulikuwa tofauti kubwa na enzi ya mhandisi mmoja. Walianza na Erechtheion mwaka 1979, ambapo zile sanamu tano za wanawake zinazobeba paa ziliingizwa ndani ya jumba la makumbusho na nakala zikawekwa mahali pake. Tetemeko la Februari 1981 likaitikisa tena Parthenon na kuharakisha uamuzi. Mwaka 1983 utafiti mkubwa uliotayarishwa na wasanifu Manolis Korres na Charalambos Bouras ukaeleza hali ya hekalu na njia ya kulirekebisha. Upande wa mashariki ulifanyiwa kazi kati ya 1986 na 1991. Ule wa kaskazini, nguzo zilezile zilizompa Balanos sifa, sehemu zake za juu zilifumuliwa na kupangwa upya kati ya 2001 na 2009.

Chuma kilitolewa na nafasi yake ikachukuliwa na titani. Titani haipati kutu, hata kwenye maji ya bahari. Ni nyepesi, uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya chuma, na jua likiwaka hutanuka kwa kiasi kidogo kuliko chuma, karibu zaidi na marumaru yenyewe. Ni ghali, lakini hilo si tatizo ukilinganisha na thamani ya jiwe inayolishika.

Kuna mtu atauliza, kwa nini hawakurudia risasi, ikiwa risasi ilifanya kazi vizuri hivyo? Walichokirudia ni mawazo ya wale mafundi wa kale. Risasi ilikuwa njia ya kukinga chuma. Ukipata madini yasiyohitaji kukingwa, unaondoa hatari ya risasi kuchubuka. Kazi ya pili ya risasi, ile ya kulainisha mtikisiko, waliipata kwa hesabu: kila gango la titani hupigiwa vipimo ili tetemeko kubwa likija lipinde au likatike lenyewe kabla jiwe halijavunjika. Yaani gango ndilo linalojitoa mhanga. Magango ya Balanos yalikuwa na nguvu kuliko mgonjwa wao, na kwa hiyo kila ugomvi baina yao uliishia kwa jiwe kuumia. Mimi nimeona mabadiliko hayo ya fikra kuwa ndiyo kiini cha ukarabati wote, kuliko hata titani yenyewe.

Kisha likaja lile fumbo la mawe yaliyobadilishana viti. Korres na wenzake walilisoma kila jiwe kama mtu anavyosoma uso wa ndugu aliyepotea muda mrefu. Upana wa mifereji 20 hueleza pingili ilikuwa kimo gani. Shimo la gango upande mmoja lazima lipate mwenzake upande wa pili. Mteremko mdogo wa uso hueleza jiwe lilikuwa karibu na kona au katikati. Alama ya moto, kovu la kombora, doa la mvua ya karne nyingi kwenye upande uliokuwa wazi: vyote vilipimwa na kuandikwa. Mawe yaliyokuwa yametapakaa kilimani kama kifusi, ambayo hakuna aliyejua ni ya wapi, yakapata makao. Ukuta uliorushwa nje mwaka 1687 ukaanza kurudi mahali pake, jiwe hili kwanza, lile baadaye.

Palipokosekana kipande, walichonga kipya kutoka marumaru ya mlima uleule. Hawakulikata jiwe la kale ili lilingane na kipya. Kipya ndicho kilichongwa kifuate mvunjiko wa zamani, kila bonde na kila kilima chake. Chombo cha kunakili vipimo kinasaidia, lakini umaliziaji ni wa mkono, kwa tindo zisizotofautiana sana na zile za enzi za Pericles. Kipande kipya ni cheupe na kinaonekana wazi. Wengine hulalamika kwamba hekalu limekuwa na viraka. Marumaru ya Pentelikon ina chembechembe za chuma ndani yake, na kwa miaka mingi hizo huipa rangi ya asali. Viraka vitaiva. Lakini hata visingeiva, ningevipendelea hivyo, kwa kuwa mtazamaji anastahili kujua ni wapi anaona mkono wa karne ya 5 KK na ni wapi anaona wa juzi. Balanos alificha, hawa waliacha ionekane.

Kanuni yao nyingine ni kwamba kila kinachofanywa kiweze kutenguliwa. Kanuni hiyo husisitizwa sana na wahifadhi, ingawa kuiandika ni rahisi kuliko kuitekeleza kwenye jiwe la tani kadhaa. Kila jiwe linaposhushwa huchorwa, hupigwa picha na kuandikiwa kilichofanywa. Wanatayarisha njia kwa mtu atakayekuja kuwasahihisha, jambo ambalo Balanos hakuwatayarishia wao.

Saruji inarudi kilimani

Haya yote yasimfanye msomaji adhani mambo yametulia. Mwishoni mwa 2020 njia mpya za saruji zilimwagwa juu ya mwamba wa Acropolis ili wageni, pamoja na wanaotumia viti vya magurudumu, wapite bila kuteleza. Kamati iliyosimamia uhifadhi wa kilima wakati huo iliongozwa na Korres mwenyewe. Malalamiko yakazuka ndani na nje ya Ugiriki: vipi mtu aliyetumia maisha yake kuondoa chuma na saruji ya Balanos alete saruji tena? Watetezi wakajibu kwamba kati ya saruji na mwamba kumewekwa tabaka la kutenganisha, kwa hiyo njia hizo zinaweza kuondolewa siku yoyote na mwamba ukabaki kama ulivyokuwa.

Mimi nawaelewa waliokasirika, kwa kuwa upana wa njia zile unaubadilisha uso wa kilima, na sura ya mwamba mtupu ni sehemu ya mahali pale. Lakini kwenye swali la dhara, nadhani hawakutenda haki kulinganisha. Saruji ya Balanos iliingia ndani ya jiwe na kufungiwa pamoja na chuma; hii imelala juu, inaonekana na kila mtu, na chini yake kuna kitu cha kuizuia isishike. Tofauti hiyo ndiyo iliyochukua miongo kadhaa na mawe mengi yaliyopasuka kufahamika. Neno la kwamba inaweza kuondolewa ni ahadi, na inaweza kupimwa: achukuliwe fundi mmoja, apewe mita moja ya njia hiyo, aibandue, kisha mwamba uliokuwa chini uchunguzwe.